Sindano za Tumboni, Kima, na Kichaa cha Mbwa

Ndugu msomaji, siku ya mnada pale Katesh watu hujaa. Wafugaji wa Kibarabaig wameleta ng'ombe. Wakulima wa Kiiraqw wameleta mahindi na maharage. Wanyaturu na Wanyiramba nao wamo. Na katikati ya miguu ya watu wote hao wanapita mbwa. Wapo mbwa wa kuchunga, wapo wa kulinda boma, na wapo wasio na mwenyewe, wanaofuata harufu ya nyama.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme mtoto wa miaka minane anarudisha ndama nyumbani jioni, chini ya mlima Hanang. Mbwa anatoka majanini. Habweki. Anamng'ata mtoto mguuni, kisha anaendelea na safari yake kama hakuna kilichotokea. Mtoto anafika nyumbani analia. Mama anafunga kanga, anataka kumpeleka zahanati. Babu wa mtoto anamzuia.

"Mwanangu, mimi dawa sikatai," babu anasema. "Lakini sindano zile nazijua. Ni ishirini na moja, zote za tumboni. Mtu anakwenda kwa miguu yake, anarudi amebebwa."

"Baba, na tukimwacha hivi?"

"Kidonda chenyewe ni kidogo. Tutakiosha kwa dawa ya mizizi."

Maneno kama ya babu huyu yamepoteza watoto. Kichaa cha mbwa hakina dawa baada ya dalili kuanza. Mtu akishaanza kuogopa maji, karibu kila mara atakufa. Lakini kabla dalili hazijaanza, chanjo humwokoa. Kwa hiyo ni lazima tumjibu babu vizuri. Tusimwambie tu kwamba yeye ni mjinga. Babu si mjinga. Sindano za tumboni zilikuwapo kweli. Tena ni kweli kwamba baadhi ya watu waliochomwa walipooza. Kosa la babu ni moja tu: anazungumza juu ya chanjo ya zamani. Hii ya leo ni nyingine kabisa. Na habari ya jinsi ile ya zamani ilivyogunduliwa ubaya wake ni habari ya kima. Tuisome.

CHANJO ILIYOTOKA KWENYE UBONGO

Kichaa cha mbwa huletwa na kijidudu kidogo sana kiitwacho virusi. Kijidudu hiki hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akikung'ata, kinaingia kwenye kidonda. Kutoka hapo hakifuati damu. Kinafuata mishipa ya fahamu, polepole, hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Mara nyingine ni siku chache tu, na mara nyingine hupita mwaka mzima. Ndiyo maana watu husahau. Kidonda kimepona, mbwa amesahauliwa, halafu mtoto anaanza kuumwa.

Mtu wa kwanza kujulikana sana kwa kutengeneza chanjo ya ugonjwa huu ni Louis Pasteur wa Ufaransa. Tarehe 6 Julai 1885 aliletewa mtoto wa miaka 9, jina lake Joseph Meister, aliyekuwa ameng'atwa vibaya na mbwa. Pasteur alikuwa amekausha uti wa mgongo wa sungura waliokufa kwa kichaa. Kukausha kuliudhoofisha ule ugonjwa. Mtoto alichomwa sindano 13, akapona. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya ulinzi katika taasisi ya Pasteur mjini Paris.

Kwa nini walitumia uti wa mgongo na ubongo? Kwa sababu virusi hawa hupenda mishipa ya fahamu. Siku zile hapakuwa na mahali pengine pa kuwakuzia kwa wingi. Ukitaka virusi, ulilazimika kuchukua ubongo wa mnyama.

Mwaka 1911 daktari Mwingereza David Semple, aliyekuwa akifanya kazi Kasauli, mji wa milimani huko India, alitoa njia rahisi zaidi. Ubongo wa mnyama aliyeambukizwa ulisagwa, ukatiwa dawa ya kuua virusi, ukawa tayari kwa sindano. Baadaye ubongo wa kondoo ndio uliotumika zaidi. Chanjo hii ilikuwa ya bei ndogo, ikaenea nchi nyingi za Asia na Afrika. Lakini ilikuwa dhaifu. Ilibidi mtu achomwe dawa nyingi, kila siku, mara 14 au hata 21. Mkono hauwezi kubeba dawa nyingi hivyo. Basi walichoma kwenye ngozi ya tumbo, ambako pana nafasi. Hapo ndipo zilipotoka zile sindano za tumboni anazozitaja babu.

Na ubaya wake ulionekana mapema. Wako waliochomwa wakapona vizuri, na hao ndio wengi. Lakini wachache, baada ya wiki moja au mbili, walipata homa na kuumwa kichwa. Miguu ililegea. Wengine walishindwa kukojoa. Wengine walikufa. Mahali pengine aliyepatwa alikuwa mmoja katika elfu kadhaa, mahali pengine mmoja katika mia chache tu.

Waganga wa wakati ule walijiuliza. Je, ni kichaa chenyewe kimeponyoka ndani ya sindano? Au ni kijidudu kingine? Au kosa liko kwenye ubongo wa yule mnyama?

KIMA WANANE

Swali hilo lilimkaa moyoni daktari mmoja Mmarekani, Thomas Rivers, aliyefanya kazi katika hospitali ya Taasisi ya Rockefeller mjini New York. Yeye na wenzake waliamua kulijaribu kwa kima. Walichagua kima kwa sababu ubongo wake unafanana na wetu kuliko ubongo wa panya au sungura. Tena ana mikono kama mtu. Akipungukiwa nguvu utamwona anashindwa kushika tunda, au anapepesuka akitembea.

Jaribio lao lilikuwa rahisi kueleza, ila lilihitaji subira. Walichukua ubongo wa sungura wazima. Hawa sungura hawakuwa na kichaa wala ugonjwa wowote. Wakausaga, wakawachoma nao kima wanane kwenye misuli, tena na tena kwa muda mrefu. Mwaka 1933 walitoa habari: kima wawili kati ya wanane walikuwa wameharibika ubongo kwa namna ile ile. Wakarudia, wakiongeza uangalifu na sindano. Mwaka 1935 walitoa habari ya pili. Safari hii walioharibika ubongo walikuwa saba kati ya wanane.

Sasa fikiri vizuri, ndugu msomaji. Ubongo waliochomwa haukuwa na kichaa. Rivers na mwenzake walichukua pia vipande vya ubongo wa wale kima wagonjwa, wakatafuta vijidudu. Hawakuona kitu. Wakavitia katika ubongo wa kima wengine, sungura, na panya weupe, waone kama ugonjwa utahama. Haukuhama. Kwa hiyo haukuwa ugonjwa wa kuambukiza. Hapakuwa na mwizi aliyeingia kutoka nje. Kitu kilikuwa kimetokea ndani ya mwili wa kima mwenyewe.

ASKARI WALIOMPIGA MWENYE NYUMBA

Kitu gani hicho? Tueleze kwa mfano wa kijiji.

Mwili una askari wake. Wamo katika damu. Kazi yao ni kama ya sungusungu: kukamata wageni wabaya. Chanjo ni kama kuwaonyesha askari hao picha ya mwizi kabla mwizi hajafika. Wakishamjua, akija wanamkamata mara moja.

Lakini tuseme umewapa picha ya mwizi aliyesimama katikati ya wanakijiji. Sungusungu wanaitazama picha hiyo kila siku kwa siku 21. Mwishowe wengine wanachanganyikiwa. Wanaanza kumkamata kila anayefanana na mtu yeyote aliyemo pichani, hata mwenye nyumba. Ile chanjo ya ubongo ilikuwa picha ya namna hiyo. Ndani yake mlikuwa na virusi vya kichaa, ndiyo, lakini mlikuwa pia na ubongo mwingi wa kondoo. Na ubongo wa kondoo una vitu vinavyofanana sana na ubongo wa mtu.

Kinachoshambuliwa hasa ni ganda la mishipa ya fahamu. Tazama waya wa umeme, au waya wa redio yako. Ndani pana shaba, nje pana plastiki. Plastiki ikimenyeka, umeme unapotea njiani na redio inakwaruza. Mishipa ya fahamu nayo imevikwa ganda la mafuta. Askari wa mwili wakilimenya ganda hilo, amri ya ubongo haifiki mguuni. Ubongo unasema "inuka", na mguu hausikii.

Mwaka 1947, Elvin Kabat na wenzake, pia mjini New York, walipata njia ya kuuleta ugonjwa huu kwa kima kwa sindano chache badala ya nyingi. Walichanganya ubongo na mafuta, pamoja na vijidudu vya kifua kikuu vilivyokwisha kufa, ili kuwaamsha askari kwa nguvu. Kisha, mwaka 1949, walionyesha jambo la kushangaza zaidi. Walimkata kima kipande kidogo cha ubongo wake mwenyewe, wakamchoma nacho, naye akaugua. Hapo ubishi ulikwisha. Mwili unaweza kuushambulia ubongo wake wenyewe.

Jambo hili limesaidia hata kuuelewa ugonjwa ambao haukuletwa na sindano yoyote. Unaitwa maltipo sklerosisi. Katika ugonjwa huo askari wa mwili humenya ganda la mishipa ya ubongo na uti wa mgongo, mara huku, mara kule, kwa miaka mingi. Mgonjwa huona ukungu jichoni, au ganzi, au miguu mizito. Upo sana Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na kwetu ni adimu. Hata hivyo adimu si sawa na hakuna. Mtu akianza kulegea miguu au kupoteza nguvu za mikono, msianze kwa kutafuta aliyemroga. Mpelekeni hospitali. Dawa moja ya kupunguza mashambulizi ya ugonjwa huo ilitengenezwa na Ruth Arnon, Michael Sela na Dvora Teitelbaum huko Rehovot, Israeli. Katika miaka ya 1970 waliijaribu kwa wanyama mbalimbali, nyani wakiwamo, yaani nyani kama hawa wanaotuibia mahindi. Marekani iliikubali itumike kwa watu mwaka 1996.

Wako watakaouliza: je, ni haki kumtesa mnyama hivyo? Ni swali la haki. Kima wale waliumia, na hakuna sababu ya kulificha hilo. Siku hizi kazi nyingi za namna hii hufanywa kwa panya, au kwa chembe hai zilizokuzwa kwenye chupa, na mahali pengi panahitajika ruhusa ya kamati kabla ya kumgusa kima. Mimi ninavyoona, lililo baya zaidi lingekuwa ni kima wale kuumia na majibu yao yasitumike.

TUMBILI WA SHAMBANI

Majibu yalitumika, ingawa kwa kuchelewa. Ilipokwisha kujulikana kwamba kosa ni ubongo uliomo katika chanjo, kazi ikawa kuwakuza virusi mahali pasipo na ubongo. Wataalamu wa Philadelphia, Marekani, walifanikiwa kuwakuza katika chembe hai za mtu ndani ya chupa. Chanjo hiyo mpya ilijaribiwa Iran. Watu 45 walioumwa na mbwa na mbwa-mwitu wenye kichaa walichomwa. Habari yao ilitolewa mwaka 1976: wote 45 walipona.

Chembe nyingine zilipatikana kwa tumbili. Mwaka 1962, huko Chiba nchini Japani, mtaalamu Yasumura na mwenzake walichukua figo ya tumbili wa Afrika, wa jamaa moja na huyu mwenye uso mweusi anayeng'oa karanga zako. Wakazikuza chembe za figo hiyo katika chupa. Chembe zile zinaendelea kuzaana mpaka leo. Hakuna haja ya kumwua tumbili mwingine. Ni kama mtindi: ukibakiza kidogo kibuyuni, ukamimina maziwa mapya, unapata mtindi mwingine, na kesho mwingine. Chanjo nyingi za kichaa cha mbwa zinazotumika duniani leo hukuzwa katika chembe hizo. Virusi huuawa, na dawa husafishwa. Haina ubongo ndani yake.

Shirika la Afya Duniani lilihimiza tangu mwaka 1984 kwamba chanjo za ubongo ziachwe. India, nchi ilikoanzia ile ya Semple, ilizitumia kwa miaka 20 mingine. Jirani zetu wa Ethiopia waliendelea nazo hata katika miaka ya 2010, kwa sababu ya bei. Kwa hiyo babu wa mfano wetu hakuota ndoto.

AKIKUNG'ATA LEO

Sasa turudi kwa mtoto wetu, maana jioni inaingia na yeye bado analia.

Jambo la kwanza ni maji na sabuni. Osha kidonda kwa maji yanayomiminika na sabuni kwa dakika 15. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Mtu mmoja amimine maji kwa kata au dumu lililotobolewa, mwingine aoshe. Kuosha huku huondoa virusi wengi kabla hawajashika mishipa. Usipake masizi, pilipili, mafuta, samadi wala maji ya betri. Usichanje kwa wembe. Kidonda kisifungwe kwa kubana, wala kisishonwe kwa haraka.

Kisha nenda zahanati siku ile ile. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Kama zahanati haina chanjo, na nyingi hazina, mganga atakuelekeza penye chanjo, kama hospitali ya wilaya. Waombe wapige simu kwanza kuuliza, ili usipoteze nauli. Mara nyingi chanjo hii hulipiwa, na hapo ndipo familia nyingi hukwama. Mwambie balozi au mwenyekiti wa kitongoji mapema. Watu huchangia arusi na msiba. Hata mguu wa mtoto unaweza kuchangiwa, na afadhali uchangiwe kabla ya msiba.

Sindano huchomwa begani, na kwa mtoto mdogo pajani. Si tumboni. Huanza siku ya kwanza, halafu siku ya 3 na ya 7, na kwa ratiba nyingine huongezwa ya 14 au zaidi. Fuata atakavyosema mganga, na usikatishe katikati kwa sababu mtoto anacheza. Mkono unaweza kuuma, na homa kidogo inaweza kuja. Mama mjamzito na mtoto mchanga nao wanachanjwa. Kidonda kikiwa kikubwa, au kipo kichwani, usoni au vidoleni, uliza pia juu ya dawa ya pili inayowekwa ndani ya kidonda chenyewe. Hiyo ni kama askari wa kuazima. Wanafanya kazi wakati wako bado wanajifunza.

Haya yote ni kwa mbwa, paka, bweha, fisi, na hata tumbili au nyani akikung'ata. Mnyama wa porini asiyeogopa watu mchana kweupe ni wa kukimbia, si wa kuchezea. Ng'ombe aliyeng'atwa akianza kutoa udenda na kulia ovyo, usitie mkono mdomoni ukidhani amekwama na kitu. Mwite bwana mifugo. Wala nyama yake msiichune.

Utafiti uliotolewa mwaka 2002 ulikadiria kwamba Tanzania ilikuwa ikipoteza watu wapatao 1,500 kwa mwaka kwa kichaa cha mbwa. Walioandikwa vitabuni walikuwa wachache sana. Wengine walifia nyumbani, ikasemwa ni malaria ya kichwani, au mapepo. Karibu wote huwa wameng'atwa na mbwa, na wengi ni watoto.

Basi mzizi ni mbwa. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kisiwani Pemba walichanja mbwa mwaka hadi mwaka mpaka wakaukata. Sindano ya mbwa ni rahisi kuliko ya mtu, na siku za kampeni mara nyingi haina malipo. Muulize bwana mifugo tarehe. Kampeni nyingi huwekwa karibu na 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895, ambayo sasa ni siku ya kichaa cha mbwa duniani. Mpeleke mbwa akiwa amefungwa kamba, ashikwe na mtu mzima anayemzoea, si mtoto. Mbwa mkali afungwe mdomo kwa kitambaa. Watoto wa mbwa nao wapelekwe, hata wale ambao hawajapewa majina. Kadi utakayopewa iweke pamoja na kadi za kliniki za watoto.